Je, Wajua? Enfiladi: mstari wa wafalme na wa mizinga

Kuna neno la Kiingereza ambalo msanifu majengo hulitaja kwa fahari na askari hulitaja kwa hofu: enfiladi. Kwa msanifu, ni safu ya vyumba vilivyoungana, milango yake ikiwa imenyooka kiasi kwamba ukisimama kwenye mlango wa kwanza unaona hadi wa mwisho. Kwa askari, ni risasi zinazopita kwa kufuata urefu wa safu ya watu badala ya kuikata kwa upana. Kazi ni mbili lakini mstari ni uleule, na kanuni yake haibadiliki: anayeushika mwisho wa mstari anatawala, na aliye ndani ya mstari yuko wazi. Twende mbio kidogo, kutoka makasri hadi mahandaki.

NENO LENYEWE

Je, wajua kwamba asili ya enfiladi ni uzi? Neno limetoka kwenye Kifaransa *enfiler*, yaani kutunga uzi kwenye sindano au shanga kwenye uzi, nalo lina mzizi katika Kilatini *filum*, uzi. Waingereza walilichukua mwanzoni mwa karne ya 18, wakati Ufaransa ilipokuwa kinara wa Ulaya katika ujenzi wa makasri na pia katika uhandisi wa vita. Ndiyo maana lina sura mbili tangu zamani.

Je, wajua kwamba neno hili ni jina na pia ni kitenzi? Msanifu hulitumia kama jina: nyumba fulani ina enfiladi. Likigeuzwa kitenzi, karibu kila mara ni la kijeshi: mzinga ndio unaolienfiladi handaki.

Je, wajua kwamba si kila risasi itokayo ubavuni ni enfiladi? Wengi hukosea hapa. Kinachohesabika ni namna walengwa walivyojipanga. Askari waliosimama bega kwa bega wakitazama mbele, hatari yao iko ubavuni. Lakini askari wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba, hatari yao iko mbele usoni, kwa sababu huko ndiko risasi inakoweza kufuata urefu wa safu nzima. Upande unaweza kuwa wowote. Muhimu ni urefu.

Je, wajua kwamba neno hili lina mwenzake wa kinyume, defiladi? Huo ni ustadi wa kukaa mahali ambapo adui hawezi kukuona wala kukupiga moja kwa moja. Kifaru kinachojificha nyuma ya mgongo wa kilima na kutoa mnara wa mzinga peke yake kiko katika defiladi.

KATIKA MAKASRI

Je, wajua kwamba Louis XIV wa Ufaransa aliugeuza mpangilio wa vyumba kuwa chombo cha utawala? Alihamishia serikali yake Versailles tarehe 6 Mei 1682. Vyumba vyake rasmi viliungana kwa milango iliyonyooka, vingi vikiitwa kwa majina ya miungu ya Kirumi: Venus, Diana, Mars, Mercury, Apollo. Safu hiyo inafika kwenye Ukumbi wa Vioo wenye urefu wa mita 73, madirisha 17 upande mmoja na matao 17 yaliyojaa vioo upande wa pili, jumla ya vioo 357. Mgeni aliyeingia alikuwa ameshanyenyekea kwa macho kabla hajafika mbele ya mfalme.

Je, wajua kwamba katika makasri ya Ulaya ya karne ya 17 na 18 idadi ya milango uliyoruhusiwa kuvuka ndiyo iliyoonyesha cheo chako? Watu wa kawaida waliishia vyumba vya mwanzo. Waheshimiwa walisogea mbele zaidi. Chumba cha kulala cha mfalme, na chumba kidogo cha faragha kilichokuwa nyuma yake, vilikuwa vya wateule. Mwenyeji naye alipimwa kwa hatua zake: akitoka vyumba kadhaa kuja kukupokea, amekuheshimu, akikusubiri ndani, amekuonyesha nafasi yako. Mabalozi walifuatilia mambo haya kwa makini sana, kwa kuwa hatua chache zilibeba heshima ya nchi nzima.

Je, wajua kwamba milango ya enfiladi za Kifaransa haikuwekwa katikati ya ukuta? Iliwekwa karibu na madirisha. Mwanga ulioingia kutoka pembeni uliangaza njia yote, na sehemu kubwa ya chumba ikabaki huru kwa meko, kitanda na viti.

Je, wajua kwamba Urusi ina enfiladi inayoitwa ya Dhahabu? Iko katika Kasri la Catherine huko Tsarskoye Selo, karibu na St. Petersburg, kazi ya msanifu Rastrelli iliyokamilika mwaka 1756. Mlango baada ya mlango umezungushiwa nakshi zilizopakwa dhahabu, na Chumba cha Kaharabu mashuhuri kimo kwenye safu hiyohiyo.

Je, wajua kwamba wazo hili ni la kale kuliko jina lake? Katika hekalu kubwa la Abu Simbel huko Misri, lililochongwa ndani ya mwamba kwa amri ya Ramesses II, lango, kumbi na chumba cha ndani kabisa viko mstari mmoja. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba kila mwaka, jua la asubuhi hupenya lango na kufika kwenye sanamu nne zilizokaa mwishoni. Tatu huangaziwa. Ya nne, ya Ptah, aliyehusishwa na giza la kuzimu, hubaki kizani. Hekalu lilipokatwa vipande na kuhamishiwa juu kati ya mwaka 1964 na 1968, kuliokoa na maji ya Bwawa la Aswan, wahandisi walihakikisha mstari huo haupotei.

FARAGHA INAPODAI KONA

Je, wajua kwamba kwa karne nyingi nyumba kubwa za Ulaya hazikuwa na korido? Kwenda chumba cha nne ulipita cha kwanza, cha pili na cha tatu, hata kama kuna mtu anavaa au anaumwa. Mtumishi aliyebeba maji alipita mbele ya wageni. Katikati ya karne ya 17, Roger Pratt aliisanifu nyumba ya Coleshill nchini Uingereza, akaipa korido iliyopita katikati na ngazi za nyuma kwa ajili ya watumishi. Kila chumba kikapata mlango wake. Nyumba yenyewe iliungua mwaka 1952, lakini mpango wake umekuwa wa kawaida duniani: hoteli, hospitali na ofisi za leo zimepangwa hivyo.

Je, wajua kwamba nyumba za mawe za Lamu zilimaliza suala la faragha kwa njia yao wenyewe? Nje kuna daka lenye mabaraza ya kukalia wageni. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia tekani, na hapo njia inapinda kabla ya kufika kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Mpita njia hata akikuta mlango uko wazi, haoni kitu. Baada ya kiwanda vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kadiri unavyosonga ndivyo unavyokaribia mambo ya familia. Versailles na Lamu zote zinapanga vyumba kwa daraja; tofauti ni kwamba mfalme alitaka mgeni aone mbali, na mtu wa Lamu alitaka asione kabisa.

Je, wajua kwamba Wachina waliujua mstari huu kwa pande zake zote mbili? Mji Uliokatazwa wa Beijing, uliojengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, una malango na kumbi kuu zilizopangwa kwenye mhimili mmoja, na njia ya katikati ilikuwa ya mfalme. Lakini katika nyumba za kawaida za uani, nyuma tu ya lango husimamishwa ukuta mfupi wa kukinga. Unazuia macho ya wapita njia na, kwa imani ya wenyeji, mapepo yanayosafiri kwa mstari ulionyooka.

Je, wajua kwamba majumba ya sanaa yameirithi enfiladi ya wafalme? Jumba la Dulwich, London, lililosanifiwa na John Soane na kufunguliwa kwa umma mwaka 1817, lina vyumba vinavyofuatana kwa mstari, vikipata mwanga kutoka juu. Wengi wameiga. Faida yake ni kwamba mchoro mmoja ukitundikwa ukutani mwisho wa safu unakuvuta tangu ukiwa vyumba vitano nyuma. Katika jengo la Sainsbury Wing la National Gallery, lililofunguliwa mwaka 1991, wasanifu walipunguza ukubwa wa matao kadiri yanavyokwenda mbali, na jicho linadanganyika kuona safu ndefu kuliko ilivyo.

KATIKA NGOME

Je, wajua kwamba mnara wa mviringo una eneo kipofu? Mlinzi aliye juu ya ukuta uliounganisha minara miwili anaona mbali, lakini mbele kabisa ya kila mnara kuna kipande cha ardhi ambacho hakuna bunduki inayokifikia. Adui akifika hapo salama, anachimba ukuta au anatega baruti. Wahandisi wa Italia wa karne ya 15 na 16 walilitatua tatizo kwa kuunda buruji zenye pembe, zilizochomoza nje. Mizinga iliyowekwa kwenye ubavu wa buruji moja inapiga sambamba na ukuta na kusafisha uso wa buruji ya jirani. Yaani kila anayeukaribia ukuta anajiweka mwenyewe kwenye enfiladi. Umbo la nyota la ngome hizi lilikuwa hesabu ya risasi, wala halikuwa pambo.

Je, wajua kwamba Fort Jesus ya Mombasa na mji-ngome wa Palmanova, kaskazini-mashariki mwa Italia, vilianza kujengwa mwaka uleule wa 1593? Palmanova ni nyota yenye buruji 9. Fort Jesus ina buruji 4, zenye majina ya watakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Mhandisi wake alikuwa Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milano aliyewatumikia Wareno, na jiwe lililotumika ni la matumbawe ya pwani yetu. Elimu ya karibuni kabisa ya Italia ilikuwa imeshafika Mombasa ikiwa bado mbichi. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza ngome hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kama mfano bora wa ujenzi wa kijeshi wa Wareno wa karne ya 16. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696, iliwachukua hadi Desemba 1698 kuiteka, na kilichowamaliza walinzi zaidi kilikuwa maradhi na njaa.

Je, wajua kwamba Mfaransa Vauban, aliyeishi kati ya mwaka 1633 na 1707, alikuwa bingwa wa pande zote mbili, kujenga ngome na kuzivunja? Alipoisogelea ngome, alichimba mitaro iliyopinda huku na huku, kila kipande kikielekezwa pembeni ili mizinga ya walinzi isiweze kufuata urefu wake. Mwaka 1673 huko Maastricht aliongeza mitaro mirefu iliyokuwa sambamba na ngome, ya kukusanyia askari na mizinga. Kisha, katika mazingiro ya Philippsburg mwaka 1688, akaanzisha upigaji wa kudundisha: mzinga unawekwa sawia na urefu wa ukuta wa adui, unapewa baruti kidogo, na tufe linadunda juu ya ukuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine likivunja mzinga baada ya mzinga. Mwaka 1697 huko Ath aliuonyesha ustadi huo ukiwa umekomaa. Walinzi wa ngome wakalazimika kujenga viukuta vya kukata mstari juu ya kuta zao wenyewe.

Je, wajua kwamba hata barabara za mjini zimeingia kwenye hesabu hii? Tarehe 5 Oktoba 1795, Napoleon kijana aliwatawanya waasi wa Paris kwa mizinga karibu na kanisa la Saint-Roch, kwenye mtaa wa Saint-Honoré. Haussmann, msimamizi wa ujenzi mpya wa mji huo, alipoipasua Paris kwa barabara pana zilizonyooka, kati ya mwaka 1853 na 1870, wakosoaji walisema mizinga sasa imepata njia. Hewa safi, maji taka na usafiri vilikuwa sababu za kweli pia, lakini mtaa ulionyooka haukumpa mwasi pa kujificha.

BAHARINI NA VITANI

Je, wajua kwamba meli za tanga za kivita zilikuwa na mizinga mingi ubavuni, lakini tezi zake zilikuwa dhaifu na zenye madirisha? Wakati wa vita kuta za mbao za ndani ziliondolewa, sitaha ikawa wazi kutoka omo hadi tezi. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, Victory, meli ya Nelson, kamanda wa Waingereza, ilipita nyuma ya Bucentaure, meli ya kamanda wa Wafaransa, ikapiga kupitia tezi. Tufe lililoingia hapo lilisafiri kwa urefu wa sitaha nzima. Lakini kabla ya kupata nafasi hiyo, Victory yenyewe ilielekeza omo kwa adui na kupigwa kwa muda mrefu bila kuweza kujibu. Nelson alijua bei ya mstari, akakubali kuilipa kwanza.

Je, wajua kwamba miaka 100 baadaye mantiki hiyo iliamua vita vya Tsushima? Tarehe 27 Mei 1905, Admirali Togo wa Japani alizipitisha meli zake mbele ya safu ya Warusi, zikakatisha njia yao. Meli zake ziliweza kuelekeza mizinga yao mingi kwa meli za kwanza za Warusi, huku za nyuma zikizibwa na wenzao.

Je, wajua kwamba amri moja iliyoeleweka vibaya ilifungua Njia ya Damu? Ilikuwa Antietam, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, tarehe 17 Septemba 1862. Askari wa Kusini walikuwa ndani ya barabara ya shamba iliyochimbika kwa miaka mingi ya magurudumu ya mikokoteni, handaki la bure kabisa. Kwa saa kadhaa waliyarudisha mashambulizi yote ya kutoka mbele. Kisha askari wa Kaskazini kutoka New York walioongozwa na Francis Barlow wakapata nafasi ya kupiga kwa urefu wa barabara. Jenerali Rodes wa Kusini aliamuru ubavu wa kikosi kimoja ujikunje nyuma ili ukabiliane na risasi hizo. Ofisa aliyepokea amri akaelewa kwamba kikosi chote kigeuke na kuondoka. Mwenzake wa jirani akauliza kama amri ni ya brigedi nzima, akajibiwa ndiyo. Kimbilio likageuka kaburi. Siku hiyo peke yake, pande zote mbili zilipoteza karibu watu 23,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Je, wajua kwa nini bombomu na enfiladi ni ndugu? Risasi za bombomu zikipigwa mbali haziangukii mahali pamoja. Hutawanyika kwenye eneo refu na jembamba, kwa sababu huigusa ardhi kwa pembe ndogo, karibu sambamba nayo. Ukiilenga safu kutoka mbele, sehemu kubwa ya eneo hilo inaangukia ardhi tupu. Ukiilenga kwa urefu wake, risasi inayomkosa wa kwanza inampata wa kumi. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme, bombomu za Wajerumani zilizopiga kutoka pembeni zilikuwa miongoni mwa sababu za Waingereza kupoteza watu 57,470, wakiwamo 19,240 waliouawa.

Je, wajua kwamba Tanga ilishuhudia somo hilo mapema zaidi? Mwanzoni mwa Novemba 1914, kikosi cha Waingereza na Wahindi cha watu wapatao 8,000 kilitua kuuteka mji uliolindwa na askari wapatao 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika. Tarehe 4, badala ya kujibu kwa mbele tu, von Lettow aliuzungukia ubavu wa kushoto wa wavamizi na bombomu zikafungua moto kutoka huko. Hali ikageuka. Watu husimulia zaidi habari za nyuki waliowauma wapiganaji siku ile, na nyuki walikuwapo kweli, lakini pigo la ubavuni lilifanya kazi kubwa.

Je, wajua kwamba mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza hayakunyooka kwa makusudi? Kila baada ya mita chache lilichimbwa pindo. Adui akiingia, bunduki yake inaishia kwenye kona ya kwanza. Bomu likilipuka, vyuma vyake vinazuiwa na udongo wa pindo. Kuchimba hivyo kulichosha mikono na kurefusha kazi, na bado hakuna aliyetaka kuishi kwenye handaki lililonyooka.

Je, wajua kwamba katika ufukwe wa Omaha, Ufaransa, mizinga iliyokuwa hatari sana haikutazama baharini? Wajerumani waliijengea vyumba vya zege kwenye ncha za ufukwe, ikiwamo mizinga ya milimita 88 upande wa Vierville na wa Colleville, na matundu yake yakatazama kando ya mchanga. Upande wa bahari waliweka ukuta mnene. Tarehe 6 Juni 1944, ilikuwa vigumu kwa meli za Wamarekani kuyafikia matundu hayo, huku askari walioshuka kwenye mashua wakijikuta ndani ya urefu wa mstari. Wazo ni lilelile la ubavu wa buruji, ila baruti na jiwe vimepisha zege na chuma.

JIPIME MWENYEWE

Ukipata nafasi ya kwenda Fort Jesus, zunguka nje upande wa bara na ufanye jaribio hili. Chagua sehemu yoyote ya ukuta, simama chini yake, kisha tazama kulia na kushoto ukitafuta ubavu wa buruji unaokuona. Kisha rudi mjini uangalie korido za shule yako, safu za wodi za hospitali, mlango wa nyumba yako na barabara ya mtaani kwako, ukiuliza swali moja: anayesimama mwisho wa mstari huu anaona nini, na nani alimpa nafasi hiyo? Jengo lolote lililofikiriwa vizuri lina jibu la swali hilo. Lisilo na jibu, kuna mtu ndani yake ambaye faragha yake, au usalama wake, haukufikiriwa.